Nyuso za wahubiri, visogo vya wenyeji: tunachonga na kuchora nini tunaporudi kutoka safari za Injili nje ya nchi?

Mwanzisha uzi (Masasi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Uzi huu nimeuahirisha kwa miaka kadhaa kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado linanisumbua, na sikutaka kuliandika kabla sijalielewa mwenyewe. Mimi ni mchonga vinyago vya mpingo na mchapaji wa picha za lino, yaani picha zinazochongwa kwenye bamba laini kisha zikapakwa wino na kuchapwa, hapa Masasi, na ni mwana wa Kanisa tangu utoto wangu. Kiangazi cha mwaka 2014 nilikuwa miongoni mwa watu kumi na mmoja tuliovuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji katika safari ya Injili. Walikuwamo wahubiri, wanakwaya na muuguzi mmoja. Mimi nilipewa kazi ya kuchora kumbukumbu za safari ili tutakaporudi tuwe na kitu cha kuwaonyesha waumini waliotuchangia nauli.

Tulipitia Mangaka hadi Mtambaswala, tukavuka Daraja la Umoja, lile lenye urefu wa mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010, tukaingia Negomano na kupandisha taratibu kuelekea uwanda wa juu wa Mueda, kwa barabara ya vumbi iliyotufanya tufike tukiwa na rangi moja sote. Kwa mtu wa Newala au Masasi, kwenda kule ni kwenda nje ya nchi kwa maana ya hati ya kusafiria tu, maana Kimakonde ni kile kile, na wazee wengi wanakijua Kiswahili kwa kuwa waliishi upande wetu wakati wa vita vya ukombozi.

Niliporudi nilifanya kazi kwa bidii kubwa. Katika miezi minne nilitoa vipande sita: chapa nne za lino na vinyago viwili. Vilipendwa sana. Viliwekwa katika ukumbi wa mikutano, watu wakapiga navyo picha, na mimi nikajisikia nimeifanya kazi ya Bwana kwa mikono yangu. Kisha jioni moja nilikuwa nikivifuta vumbi, nikavipanga vyote sita juu ya benchi langu la kazi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Katika vipande vyote sita, wahubiri wetu wana nyuso na wenyeji wetu wana visogo. Mhubiri amesimama, mkono umeinuliwa, macho yake nimeyachonga kwa patasi ndogo kabisa niliyo nayo, hata mkunjo wa paji la uso unaonekana. Mbele yake wamekaa watu kumi na tano au ishirini, na kila mmoja nimempa duara moja la kichwa na mabega mawili, basi.

Sikuwa nimekusudia. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Mkono wangu ulijua peke yake nani anastahili kuwa na uso.

Nawaomba wachongaji, wachoraji, washonaji wa mapambo ya kanisa, watunzi wa picha za kalenda na yeyote aliyewahi kusafiri kwa ajili ya Injili akarudi na kitu mkononi tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba sanaa ya safari ya Injili inapaswa kuonyesha kile msafiri alichopokea, si kile alichokwenda kutoa, na nitaeleza kwa nini.

Sisi watu wa kusini tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakielekea nchi za Ziwa Nyasa, na badala ya kufika huko wakaweka makao hapa Masasi. Hivyo ndivyo misheni yetu ilivyoanza. Katika picha nyingi za zama zile utamwona mmisionari kwa jina lake, na chini ya jina hilo kundi la watu wasio na majina. Hata hivyo waliotembea na kufundisha kijiji kwa kijiji walikuwa pia wale waliokombolewa. John Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni ile, akahudumu Chitangali, si mbali na Newala. Hao walikuwa wasafiri wa Injili katika nchi ya ugeni kama walivyokuwa Waingereza, na mimi nilikulia hapa bila kuona sura ya hata mmoja wao kwenye ukuta wowote.

Lakini wazee wetu hawakukaa kimya wakachorwa tu. Wamakonde waliwachonga wageni. Katika mapiko, yaani zile barakoa za kuvaa kichwani ambazo vijana hukutana nazo wakati wa jando, pamoja na sura za mababu na za wanyama kulikuwa na sura za Mwarabu, mtawala Mreno na mmisionari, kila mmoja na pua yake, ndevu zake na namna yake ya kutembea ikichezwa uwanjani. Lipiko la mmisionari ni sanaa ya safari ya Injili iliyotengenezwa na mwenyeji. Na hata Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya vitu vya kupeleka makumbusho ya Leipzig, aliwapa wenyeji karatasi na penseli wachore wenyewe, na michoro hiyo akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mimi nilibeba penseli sita kwenda Mueda na sikumpa mtu hata moja.

Kuna mtu mmoja katika safari ile ambaye sina budi kumweleza. Tulipofikia kijiji cha tatu tulilazwa katika ua wa bibi mmoja mwenye ndona mdomoni, yaani kile kipande cha pambo kinachovaliwa kwenye tundu la mdomo wa juu, na nembo usoni, zile chale za Kimakonde, za zamani kabisa, ambazo siku hizi huzioni ila kwa watu wa umri wake. Mimi kama msanii macho yalinitoka. Nilikaa mbele yake na daftari, nikamwomba kwa adabu, nikamwita bibi, nikamwambia nataka kuuchora uso wake. Alikuwa akichekecha unga wa muhogo kwenye ungo, na hakuacha kuchekecha. Aliniambia kwa Kiswahili cha Nachingwea, ambako aliishi wakati wa vita:

"Mjukuu wangu, mdomo wangu wameshaupiga picha wengi. Kama unachora, chora huu unga, maana ndio utakaokula wewe usiku."

Nikauchora ungo. Nikaichora mikono yake, vidole vikiwa vyeupe hadi kwenye kifundo, na nikamchora mjukuu wake wa kike aliyesimama nyuma akishikilia kinu kisianguke. Usiku tulikula ule ugali kwa kisamvu kilichoungwa kwa karanga, watu kumi na mmoja, katika nyumba ambayo nina hakika unga wa wiki nzima uliishia kwenye sinia yetu. Kabla sijafunga daftari aliniuliza, "Sasa mimi nitabaki huku au ninakwenda na wewe?" Nikamwahidi nakala. Tangu vurugu za Cabo Delgado, mkoa uliko Mueda, zilipoanza mwishoni mwa mwaka 2017 sijaweza kwenda, na kabla ya hapo, miaka mitatu mizima, nilikuwa na nafasi nikaipoteza kwa kusema nitakwenda mwakani.

Tena si hilo tu. Mchoro ule wa ungo niliuchapa kwa lino, na kikundi kimoja kilichokuwa kikichangisha fedha za safari nyingine kiliuomba kwa ajili ya kalenda. Niliutoa kwa moyo mweupe. Kalenda ilipotoka, chini ya mikono ya bibi yule palikuwa pameandikwa maneno ya kuwaombea watu walio gizani. Mtu aliyetulisha! Nililalamika, nikaambiwa kalenda zimeshasambazwa. Sikumtaja mtu wakati ule na sitamtaja hapa, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, niliyeutoa mchoro bila kuandika nyuma yake ni mikono ya nani na alikuwa akifanya nini.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza (Newala)

Kaka, nimeusoma uzi wako mara mbili. Mimi pia ni fundi wa vinyago, nimerithi kwa baba. Naomba unisaidie kwa upande wa kazi yenyewe. Nilisafiri na kwaya yetu kwenda Malawi, nikabeba kipande cha mpingo ili nichonge njiani, na nilipofika nyumbani kilikuwa kimepasuka kutoka kichwani hadi tumboni. Wewe uliwezaje kutoka kwenye daftari hadi kwenye kinyago bila kupoteza kile ulichokiona?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, mpingo usiubebe safarini. Mti ule ukikauka kwa haraka, kwenye upepo wa gari na jua la mchana, lazima upasuke, na ukianza kupasuka hausikii dawa. Mimi safarini hubeba daftari lenye karatasi nzito, penseli na kalamu ya wino tu, na kila mchoro naandika pembeni jina la mtu kama ameniruhusu, jina la mahali, na neno alilolisema. Nyumbani gogo nalipaka nta kwenye ncha zote mbili, nalifukia kwenye vumbi la mbao kivulini, na silianzi mpaka nimekaa na daftari kwa wiki kadhaa.

Baada ya kuvipanga vile vipande sita kwenye benchi, kazi ya kwanza niliyochonga ilikuwa kipande cha urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko. Unajua mpingo ukiukata una sehemu nyeupe ya nje inayozunguka kiini cheusi, na mafundi wengi huitoa yote kwa tezo kwa kuwa wanunuzi wanataka weusi mtupu. Mimi nimeiacha. Upande mmoja wa kinyago wako wageni wakishuka, upande wa pili wako wenyeji wakiwapokea mizigo, na ule mstari ambapo weupe unakutana na weusi nimeuacha upite katikati, unapinda kama ulivyopinda wenyewe ndani ya mti, ukawa Ruvuma. Watu wa pande zote mbili wamechongwa ndani ya gogo moja. Mkao wake nimeuchukua kwenye mtindo wetu wa ujamaa, ule wa watu wanaobebana mmoja juu ya mwingine, ila wanaobeba ni wenyeji na wanaobebwa ni sisi. Nilitumia miezi miwili kwenye nyuso za wenyeji peke yake. Msasa nilipiga kwenye mikono tu. Nyuso nimeziacha na alama za patasi, kwa sababu zikilainishwa sana zote zinafanana.

Mchangiaji wa pili (Lindi mjini)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za jioni. Mimi ni Mwislamu, na nimesita kuchangia kwa kuwa mada ni ya Wakristo, lakini huku kwetu hakuna ukoo usio na pande zote mbili. Wajomba zangu ni Wakristo wa Nyangao. Nataka kusema jambo moja kwa nia njema. Kila ninapoingia katika ofisi yenye picha za safari hizi za Injili, nakuta nuru iko upande wa mhubiri na giza liko upande wa msikilizaji. Mara nyingi msikilizaji huyo kavaa kofia kama yangu. Nimefurahi kusikia msanii analiona hilo kabla ya kuambiwa. Swali langu: je, inawezekana kweli kuichora safari ya kuhubiri bila kumfanya anayehubiriwa awe mtu aliyepungukiwa?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, kaka yangu, na asante sana kwa kuingia. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitalijibu kwa urahisi.

Ninaamini Injili na ninaamini kuihubiri, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sikuwa na cha kupeleka. Lakini mwanga na giza katika chapa ya lino ni uamuzi wa mkono: pale unapochonga panakuwa peupe, pale unapoacha panachukua wino. Zamani nilikuwa nachonga miale ikitoka kwenye Biblia ya mhubiri. Siku hizi najiuliza taa ilikuwa wapi hasa usiku ule. Katika ua wa bibi yule, mwanga ulitoka kwenye moto wa kuni alioukoka yeye, na sisi ndio tuliokuwa gizani tukitafuta pa kuweka mikeka. Nimeichapa picha hiyo kama ilivyokuwa. Sikuhitaji kubuni kitu wala kumpunguzia mtu imani yake. Nilihitaji kusema kweli kuhusu moto ulikuwa wa nani.

Na kuhusu kofia, nakupa ahadi. Katika michoro yangu, mtu aliyevaa kofia atakuwa mtu fulani niliyemwona, anayefanya jambo fulani, au hatakuwamo kabisa.

Mchangiaji wa tatu (Ndanda)

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu na nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini. Naheshimu uchungu wa mwanzisha uzi, lakini nina wasiwasi. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, misheni ile ikateketezwa wakati wa Majimaji mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale. Na mwaka 1906 wakaanza hapa Ndanda. Hawa watu walilipa kwa maisha yao. Je, tukianza kuwaondoa wahubiri katikati ya picha, hatutawasahau? Na jambo la pili: sanaa ya Kanisa kazi yake ni kufundisha. Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini Njia ya Msalaba aliijua kituo kwa kituo kwa kuziangalia picha ukutani. Katika maelezo yako yote nimeona unga, mto na moto. Kristo yuko wapi?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Kuhusu wahubiri, sitaki waondolewe. Nataka wageuzwe kidogo ili tuwaone wakipokea maji ya kunawa. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, anakumbukwa hasa kwa sababu aliliangalia jando letu akaona lina kitu cha kuingizwa kanisani badala ya kukitupa nje. Unaweza kutokubaliana na namna alivyolifanya, lakini huyo ni mgeni aliyekubali kufundishwa na mwenyeji, na sura ya mtu wa namna hiyo ningeichonga kwa furaha. Sister Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, alianzisha Nyumba ya Sanaa kule Dar es Salaam mwaka 1972, na humo George Lilanga, mtoto wa huku kusini aliyeanza kwa kuchonga kama sisi, akapata nafasi ya kufanya batiki na chapa, akaipeleka dunia yetu ya mashetani wenye masikio makubwa hadi Marekani na Ulaya. Mtawa yule hakumwambia Lilanga achonge watakatifu. Alimpa mahali pa kufanyia kazi. Hiyo nayo naihesabu kuwa matunda ya safari ya Injili.

Kuhusu Kristo, umenigusa, nami nakushukuru. Nimerudi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 27 na ya 28. Meli ya Paulo inavunjika, watu 276 wanafika pwani ya Malta wakiwa wameloa, na wenyeji wa kisiwa, watu wasiowajua kabisa, wanawakokea moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo mwenyewe, mtume, mhubiri mkuu wa mataifa, anaokota kuni kwa ajili ya moto wa watu wengine. Na kule Emau, katika Luka sura ya 24, wanafunzi wawili wanamkaribisha mpita njia nyumbani mwao jioni, na ni pale mezani, alipoumega mkate, ndipo walipomtambua. Wakati mimi nilikuwa nikimchonga Kristo mkononi mwa anayehubiri, Maandiko yalikuwa yananionyesha wenyeji wakiwasha moto na kufungua mlango.

Gogo la Malta liko kwenye benchi langu sasa hivi. Nimemchonga Paulo ameinama na kuni, na anayemwonyesha pa kuziweka ni mwanamke mwenye nembo usoni.

Mchangiaji wa tatu

Marahaba, mwanangu. Nimeelewa. Ukilimaliza hilo la Malta nijulishe, nitakuja na wanafunzi wa katekisimu walione. Ila nyuso za wahubiri wetu nazo usizifanye visogo kwa kulipiza.

Mwanzisha uzi

Sitafanya hivyo, mwalimu.

Mchangiaji wa nne (Mtwara mjini)

Swali fupi kwa mwanzisha uzi. Kanisa rafiki la nje ya nchi likitaka kuchukua vinyago vya namna hii, kuna vikwazo? Niliwahi kuona mgeni akizuiwa uwanja wa ndege.

Mwanzisha uzi

Mpingo, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia, uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo mizigo mikubwa inahitaji kibali. Kazi iliyokamilika yenye uzito usiozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja imesamehewa upande wa mkataba, lakini masharti yetu ya ndani ya mazao ya misitu yanabaki, hivyo mgeni apite kwanza ofisi ya misitu na risiti ya fundi mkononi. Chapa za lino hazina tatizo lolote, zinaviringishwa tu. Na bei iwe ya haki. Mtu asishushe bei ya fundi kwa kusema ni kazi ya Mungu.

Mchangiaji wa tano (Nanyumbu)

Ndugu mwanzisha uzi, sikutaka kuingilia mazungumzo ya wachongaji kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara wa korosho tu. Lakini ule mchoro wa ungo ulioueleza umenifanya niulize nyumbani. Mke wangu anatoka ukoo wenye ndugu ng'ambo, na baadhi yao walivuka kuja huku baada ya kijiji chao kuchomwa. Kuna binti mmoja, sasa ana watoto wawili, ambaye anasema bibi yake alikuwa na ndona, aliishi Nachingwea zamani, na aliwahi kulaza wageni wa kwaya kutoka Tanzania, mmoja wao akiwa na daftari. Anakumbuka aliambiwa ashike kinu asitikisike. Bibi mwenyewe amefariki. Sijui kama ni hao hao, lakini nimeona nisinyamaze.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimeusoma ujumbe wako nikiwa kibandani na nikalazimika kuweka patasi chini.

Nakuomba umwulize swali moja tu bila kumwonyesha uzi huu: ungo ule ulikuwa na nini pembeni?

Mchangiaji wa tano

Anasema ulikuwa umepasuka ukingo, ukashonwa kwa uzi wa bluu wa nyavu.

Mwanzisha uzi

Ndio wenyewe. Uzi ule niliuchora, na kwenye lino nimeuchonga mishono saba.

Ninazo nakala mbili kwenye karatasi nzito ambazo hazijawahi kutoka nje ya nyumba yangu. Kesho nitaandika nyuma yake jina la bibi kama mjukuu wake atakavyolitamka, kwa hiyo naomba unitumie kwa ujumbe wa faragha, usiliweke hapa. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Mangaka. Mwambie nitakuja na unga wangu.